Vifungo Ukutani

Zamani ukuta wa wodi ya akina mama waliopasuliwa matiti ulikuwa mweupe wa kuchosha macho. Sasa ulikuwa na jogoo mwekundu, dirisha lisilofungwa, mmea wa kijani usiojua kukoma na, karibu na mlango, safu ya vifungo vya buluu vinavyopanda kama vya shati. Aliyeyaanzisha yote hayo ni nesi mmoja mwembamba, mbishi kupita kiasi, ambaye wagonjwa walimwita Sista Pumzi.

Yoga, mazoezi ya pumzi na viungo aliyowapa wagonjwa, yeye alifundishwa na mgongo wake mwenyewe, baada ya miaka ya kuwainua watu wazito kuliko yeye. Wala haikuwa ile ya kukunja miguu shingoni. Mgonjwa alisimama mbele ya ukuta, nyayo zimeshika sakafu. Akivuta pumzi, vidole vya mkono wa upande uliopasuliwa vinatambaa ukutani kwenda juu. Vikigoma, anashusha pumzi, anachovya kidole kwenye rangi, anachora anachotaka pale pale vilipofika. Kesho yake anajaribu kupapita. Bega lisiponyooshwa mapema baada ya upasuaji ule hukauka, na likishakauka, kulirudisha ni kazi ya machozi.

Vifungo vilikuwa vya fundi cherehani, mwanamke mrefu wa maneno machache. Cha kwanza alikichora usawa wa kiuno huku akilia. Vingine vikafuata kwa taabu mpaka usawa wa bega, vikakwama. Wifi yake, kila akija kumtazama, aliushika mkono ule kama yai.

"Uache upumzike, wifi yangu. Wewe ni mgonjwa, si mchoraji."

Fundi akaanza kuamini kwamba shati lake litaishia kifuani, na cherehani yake itabaki imefunikwa kitambaa milele. Na wifi huyo huyo, kwa mapenzi yake mazito, ndiye aliyekwenda kwa Metroni, mkubwa wa manesi, kushtaki kwamba wagonjwa wanachezeshwa mbele ya ukuta.

Metroni alikuwa mfupi, lakini viatu vyake vilisikika tangu kwenye ngazi.

"Hii ni wodi au chekechea?"

"Ni wodi, Metroni. Hebu angalia mikono yao."

"Mimi naangalia ukuta. Wageni wa makao makuu wako njiani. Kesho anakuja mpaka rangi, nataka uwe mweupe. Na hayo mambo yako ya pumzi yaishe, la sivyo utakwenda kukunja mashuka kule kwa dobi."

"Mashuka nitayakunja," alisema Sista Pumzi bila kupepesa macho. "Lakini siachi bega la mgonjwa wangu likauke ili wageni wafurahie rangi."

Metroni alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akaondoka. Sista Pumzi alijifungia chumba cha dawa akalia, kwa hasira wala si kwa woga, maana kazi ile aliipenda na kule kwa dobi angekufa kwa uchungu. Kisha akanawa uso, akarudi kupima watu presha.

Kesho yake mpaka rangi alikuja na ndoo ya rangi ya maji na rola zenye mipini. Mgonjwa aliyemchora jogoo alijifunika shuka gubigubi asione. Mpaka rangi akaanza pembeni: rola juu, rola chini. Sista Pumzi aliutazama mkono wake ukipanda na kushuka, akaanza kucheka peke yake.

"Kaka, hebu nipe hiyo rola."

"Sista, hii kazi yangu."

"Leo umepata vibarua. Kaa hapo upumzike." Akawageukia wagonjwa. "Mliokwisha kutolewa nyuzi, simameni! Nyayo chini. Ukuta mweupe anautaka Metroni, mkono tunautaka sisi. Vuta pumzi, panda. Shusha, shuka."

Walipokezana rola wakicheka na kuguna. Zamu ya fundi ilipofika, wifi yake aliruka kutoka kwenye kiti.

"Utapasuka!"

"Wifi, nakupenda," alisema fundi. "Sasa niachie mkono wangu."

Alivifuta vifungo vyake mwenyewe, kuanzia kile cha kiunoni. Usawa wa bega maumivu yalimng'ata, akasimama, akashusha pumzi, akavuta nyingine. Rola ikapita. Hakujua imefika wapi mpaka tone la rangi lilipomdondokea puani.

Metroni aliingia ukuta ukiwa unang'aa.

"Mweupe, kama ulivyoagiza," alisema Sista Pumzi.

Metroni alikuwa karibu kutabasamu, hadi fundi alipochukua kopo la rangi ya buluu dirishani. Fundi alichovya kidole, akasimama mbele ya rangi mbichi, akavuta pumzi. Mkono ulipita bega, ukapita sikio, ukapita kichwa. Huko juu akachora kifungo kimoja, na matundu yake manne.

"Hicho ni cha kola," alisema. "Ukikifuta, Metroni, kingine nitakishona juu yake."

Wifi alikuwa akilia waziwazi. Metroni alimnyang'anya mpaka rangi kitambaa, akausogelea ukuta, akanyoosha mkono kukifuta kifungo. Haukufika. Akasimama kwa ncha za viatu. Haukufika.

"Vuta pumzi, Metroni," alisema Sista Pumzi.