Mume wa Mama Vidokezo

Gaudence alikuwa na wivu, na tusimpambe. Si ule wivu wa kumfuatilia mke dukani kujua anaongea na nani. Huo angeweza hata kumsimulia rafiki wakacheka. Wa kwake ulikuwa wa aibu zaidi. Alimwonea mke wake wivu wa kazi, kazi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Wote wawili walikuwa waandishi wa programu za kompyuta, hapo Kabanga, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara ya kwenda mpaka wa Burundi. Gaudence ndiye aliyeanza, akiwatengenezea mawakala wa mabasi programu za kukatia tiketi. Agness alipomzaa Irakoze, akawa anakaa bure mtoto akilala, mumewe akamkalisha mbele ya kompyuta na kumwelekeza. Alimwelekeza kwa upendo, na majigambo kidogo hayakukosekana. Hakuwaza hata siku moja kwamba mwanafunzi angekuja kujulikana kuliko mwalimu.

Kilichomjulisha Agness ni kundi la WhatsApp. Kila asubuhi aliwaandikia wenzake wa kazi hiyo kidokezo kimoja, kwa Kiswahili chepesi, kifupi cha kusomwa chai haijapoa. Kabla hujafuta kumbukumbu, aliandika, iambie kompyuta ikuonyeshe kwanza unachotaka kufuta. Ukishaona ndicho chenyewe, ndipo ufute. Siku nyingine: usikipe kitu ndani ya programu jina la herufi moja, kesho kutwa utakuwa mgeni katika nyumba uliyoijenga mwenyewe. Watu walivipenda. Wa Ngara mjini wakaingia kundini, wa Biharamulo wakaingia, hata wa ng'ambo ya mpaka. Wakambatiza Agness jina la Mama Vidokezo. Gaudence naye wakampa lake: Shemeji.

Shemeji! Mtu aliyeijua kompyuta wakati wao hawajui hata kuiwasha!

Na ubaya wake ni kwamba Agness hakutuma kidokezo bila kumsomea yeye kwanza. Gaudence alisikiliza huku anatafuna kiazi, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Kiko sawa, mama Irakoze, tuma." Kisha akatoka uani na simu yake, na kule kundini, mbele ya watu wote, akaandika: Nyongeza. Nyongeza zake zilikuwa ndefu kuliko kidokezo chenyewe. Hili mwenzetu amelisahau, lile si sahihi sana. Watu walijibu, "Asante Mama Vidokezo, na Shemeji naye asante," naye akarudi ndani amenuna. Agness alikuwa akicheka tu, akisema mume wake hawezi kuona sentensi ya mwenzake imetulia bila kuisukuma.

Siku moja Gaudence alikwenda kubadilisha fedha kwa mzee Niyomugabo, pale karibu na kizuizi cha mpakani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ewe, si wewe bwana wa Mama Vidokezo? Mwanangu wa kule Burundi anamsoma kila siku. Na wewe unafanya kazi gani?"

Gaudence alichukua fedha zake akaondoka.

Ikaja barua ya mwaliko. Wenzao wa Biharamulo walimtaka Agness akawafundishe kutwa nzima, katika ukumbi waliouazima pale mjini. Agness alifurahi, kisha akaogopa.

"Twende wote," alimwambia mumewe. "Nikikwama, wewe utaniokoa."

Gaudence alipiga pasi shati lake zuri, wakaenda. Alikaa safu ya nyuma kabisa. Na huko nyuma, tusifichane, aliomba mke wake akwame.

Asubuhi yote Agness hakukwama. Alifundisha kwa utani, watu wakacheka na kuandika. Mchana ndipo mambo yalipogeuka. Alikuwa ameonyesha ukutani programu ya kupokelea mahindi ghalani. Akaandika tarehe kumi na nne, akahifadhi, akaifungua tena. Ikasoma kumi na tatu. Akarudia. Kumi na tatu. Mtu mmoja akasema mashine imeamua kuwarudisha jana, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Agness alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka. Alijifuta uso kwa pindo la kitenge.

Gaudence alijua. Alijua vizuri mno! Wiki iliyotangulia tiketi zake za basi ziliugua ugonjwa huo huo, zikawa zinatoka na tarehe ya jana. Kompyuta ilikuwa inahifadhi muda kwa saa za Greenwich, kule Uingereza, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Tarehe ikiandikwa bila saa, kompyuta huihesabu tangu usiku wa manane; na hapa ikiwa usiku wa manane, kule bado ni jana saa tatu usiku, basi tarehe inaporomoka pamoja na zile saa. Dawa yake ni mstari mmoja tu. Siku ile wakati wa kula alijisifu kwamba amelikamata kosa sugu la tarehe, Agness akampongeza. Namna alivyolikamata hakusema. Alijiwekea, liwe Nyongeza siku moja.

"Baba Irakoze!" Agness aliita kutoka mbele, uso umemchangamka kwa ahueni. "Si ndilo lile la tiketi zako? Njoo basi utuonyeshe."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Hicho ndicho alichokuwa anakililia muda wote huo, watu wamtazame yeye. Kilichobaki ni kusimama tu. Lakini mtu akapaza sauti, "Njoo, Shemeji!" na jina lile likamchoma.

"Lile lilikuwa jingine," alisema. "Hili silijui."

Agness alimtazama kidogo. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayesoma tena ujumbe ambao ameuelewa mara ya kwanza.

Aliyeinuka ni Elick, bwana mmoja wa Nyarubungo mwenye kofia na sauti kubwa, aliyekuwa akichangia tangu asubuhi, hata pasipohitaji mchango.

"Mwalimu, na mimi silijui," alisema, "lakini tusikae hivi. Tulitafute wote."

Wakalitafuta. Huyu alisoma maelezo mtandaoni, yule alijaribu, mwingine alikosea wakamrekebisha, mpaka Elick akapiga meza: saa tatu! Zinakatwa saa tatu! Ukumbi ulipiga makofi na Agness akapiga makofi kuliko wote. Gaudence naye alipiga. Wivu wake ulikuwa umehamia kwa Elick, na kofia yake, na meza yake aliyoipiga.

Njiani kurudi, Gaudence aliandaa utetezi. Angesema alisahau, angesema kutoka kule nyuma hakuona vizuri. Agness alizungumzia sare za shule za Irakoze, na mvua, na mahindi aliyoahidiwa na mama yake kule Kibimba. Utetezi haukuulizwa.

Asubuhi iliyofuata Gaudence alikuta kidokezo kimeshatumwa. Alikisoma kwenye simu, pamoja na watu wengine wote. Kilikuwa kizuri, na hakuandika Nyongeza.

Baadaye wakakaa kazini, kila mmoja kwa kompyuta yake, migongo karibu kugusana. Programu ya Agness ilikuwa inatoa risiti mbilimbili kwa mteja mmoja. Gaudence alimsikia akiguna, akijaribu, akiguna tena. Yeye alishalijua tangu mguno wa kwanza: mtandao ukiwa mzito mteja anabonyeza kitufe mara mbili. Akageuza kiti, tayari kuulizwa. Safari hii alitaka kuulizwa kuliko alivyowahi kutaka makofi.

Agness akachukua simu.

"Elick, habari za huko? Risiti zangu zinatoka mbilimbili... Hujui? Haya, ukitoka shambani utanitafutia. Wala usiharakishe, nitasubiri."

Akaiweka simu mezani.

"Mama Irakoze," Gaudence alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Ya nini kumsubiri Elick? Hilo mimi nalijua."

"Hata la Biharamulo ulilijua," Agness alisema.

Alisema bila hasira, wala hakugeuka. Kisha akakaa akimsubiri Elick.