Monsinyori Anatafuta Nyumba

Mwenye nyumba mpya aliposema hataki mnyama yeyote, hata samaki, Myriam alijua kwamba mwisho wa mwezi Monsinyori lazima awe amehama. Monsinyori alikuwa mjusi mkubwa, asili yake Australia, rangi ya mchanga, mwenye ndevu za miiba. Akikasirika alizivimbisha kama askofu aliyenyimwa kiti cha mbele. Myriam alimnunua kwa tangazo la mtandaoni mwaka ule alipofika Brussels peke yake kutoka Likasi, mji wa migodi wa kwao, na tangu hapo wakaishi wawili katika chumba nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Sasa naye akaweka tangazo: picha, sanduku la kioo, taa ya joto, na maneno "kwa mikono mizuri tu."

Mikono ikajitokeza. Mmoja aliuliza kama bado yupo, kisha kimya. Mwingine alitaka bei ya mwisho kabla hajauliza mjusi anakula nini. Wa tatu, bila haya, alitafuta chakula cha nyoka wake.

"Mupeleke ku marché ya Flagey," alicheka tonton Séraphin, jirani yake wa ngazi moja. "Batamununua pamoya na ndizi."

"Nyamaza, tonton. Ule njo muntu yangu, ndugu kabisa."

Ndipo akaandika mzee Jozef, wa mtaa wa Uccle. Aliandika vizuri: amefuga mijusi miaka mingi, wa mwisho amekufa kwa uzee, sanduku lake limebaki tupu. Myriam alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Jumamosi alasiri mzee akafika, mrefu, mgongo umepinda, tai shingoni. Mlango ulipofunguliwa tu akaona ukutani sahani ya shaba yenye jina la Likasi, uso wake ukang'aa.

"Likasi! Nilikuwa kule, mu mine ya shaba!" Na Kiswahili kikamtoka, chote alichokuwa nacho. "Lete lampe. Fungua hapa. Ngoja. Simama kule."

Myriam alikuwa ameshaleta taa na kusimama kule kabla kichwa hakijauliza miguu inakwenda wapi. Akaona aibu, kisha hasira ikampanda. Baba yake, Mwenze, alipiga pasi katika nyumba ya mzungu kama huyu. Lete, fungua, ngoja: hayo ndiyo aliyosikia kutwa nzima, na jioni alirudi akakaa kimya, kana kwamba maneno yamemwishia.

Jozef aliinama juu ya sanduku. Hakumshika mjusi. Aliweka mkono wazi juu ya mchanga, akanong'ona kitu kwa Kiflamandi, lugha ya kwao, akasubiri. Akasubiri sana. Monsinyori akamtazama kwa jicho moja, akapanda mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, ndevu zimetulia.

Mikono mizuri ndiyo hii, Myriam aliona. Na hapo ndipo palipouma. Kumbe mzee huyu anajua kuomba ruhusa. Alijua siku zote, akawawekea mijusi tu, si watu.

Jozef alipomrudisha mjusi sandukuni ili aondoke naye, Myriam aliweka kiganja juu ya kifuniko.

"Papa, hautamubeba."

"Sababu gani?"

"Haujanisalimia."

"Nilisalimia, ku mulango."

"Ulisema 'lete'."

"Aïe," akasema Séraphin, aliyekuja kusaidia kubeba.

Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. "Hakuna muntu alinifundisha."

"Miaka yote ile, papa? Na bantu balijaa mu nyumba?" Akamsogezea kiti. "Ikala. Bon. Unaanza na jambo, halafu unauliza bantu ya kwetu. Haukimbie."

Jozef akaketi. Alimtazama Séraphin, hakupata msaada.

"Jambo, maman."

"Jambo sana, papa."

"Kwenu... beko bazima?"

"Baba alikufa. Alikuwa anapiga pasi ku cité ya bazungu, mikono yake ilikuwa na alama ya moto mpaka kaburini."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akainuka nusu. "Sasa naweza kumubeba?"

"Bado. Haujauliza mama."

Akaketi tena, akauliza habari za mama. Myriam akamjibu yote, kuanzia goti la mama mpaka paa linalovuja, bila haraka, na Jozef akasikiliza hadi chai aliyowekewa ikapoa. Myriam hakumsamehe, hilo si la kumalizwa kwa chai. Lakini aliinua kiganja, akabana kifuniko vizuri, akambusu Monsinyori juu ya kioo, akamkabidhi mzee sanduku mikononi.