Fundi Anafuga Maji

Wiki ya tano hiyo, na kwenye tangi la kioo sebuleni hapakuwa na hata kidagaa. Mchanga upo, mawe yapo, taa inawaka, pampu inanguruma, maji ya chumvi yanazunguka. Samaki, hakuna. Na sebule yenyewe ndiyo saluni ya mama mwenye nyumba, msusi, kwa hiyo kila kichwa kilichokuja kusukwa kilikuja na ulimi wake.

"Shoga, hivi mumeo anafuga nini humo?" aliuliza Mama Mapacha, mteja wa siku nyingi, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama.

"Maji," alijibu msusi, kitana mdomoni.

"Anafuga maji! Haya, yameshazaa?"

Wakacheka mpaka viti vikalia. Fundi wa friji, ndiye mume mwenyewe, akacheka nao. Ana miezi minane tu katika nyumba ile, na mwanamume anayeoa msusi hujifunza kucheka mapema, la sivyo atahama. Vicheko havikumuuma. Aliyemuuma ni Hakimu.

Hakimu ni binti wa mkewe, miaka kumi na mmoja. Walimwita hivyo kwa kuwa husema kidogo na hukumu yake haina rufaa. Baba yake aliwaahidi watoto samaki wa baharini, akaleta tangi, akaondoka kabla ya kutia hata tone. Miaka mitatu tangi lile lilihifadhi rola za nywele. Siku Fundi alipolitoa kuliosha, Hakimu alisimama mlangoni akasema, "Fundi, kama ni kuahidi tu, liache na rola zake." Hakumwita baba, hakumwita mjomba. Fundi, basi, kama mtu aliyekuja kutengeneza kitu amalize aende zake.

Kwa hiyo Fundi alifanya kila kitu kwa adabu. Muuza samaki alimwambia tangi jipya huua samaki. Vijidudu visivyoonekana sharti vikue kwanza kwenye mawe, maana ndivyo vinavyomaliza uchafu. Akasubiri. Alimwambia pia, "Maji yakipungua, ongeza." Fundi hakuuliza maji gani. Mtu ana miaka ishirini kwenye mafriji, aulize habari za maji? Na kwa kuwa vikausha nywele vilitia joto sebuleni, akafunga juu ya tangi feni ya friji bovu, ipulize maji yapoe. Yakapoa kweli. Yakawa pia yanapungua kila siku, na kila asubuhi Fundi akamimina jagi la maji ya chumvi aliyoyakoroga mwenyewe kwenye ndoo. Bahari hujazwa kwa bahari, alijiambia.

Jumamosi akapeleka maji dukani ndani ya chupa. Muuza samaki akapima uchafu, akasema umekwisha. Fundi akarudi na mfuko uliotuna hewa, ndani samaki wawili wa rangi ya chungwa.

"Jamani, maji yamezaa!" Mama Mapacha alipiga kelele. Wateja wakainuka na nywele zao mkononi. Kidomo, mdogo wake Hakimu, alikuwa juu ya kochi akirukaruka. "Watie! Watie!"

Hakimu akaja polepole, akautazama mfuko. "Umepima chumvi?"

"Nilipima."

"Lini?"

Fundi akajikuna shingo. "Siku ile ya kwanza."

Binti akafungua droo, akatoa kipimo, kijibomba cha kuchungulia kwa jicho moja, akakidondoshea tone la maji ya tangi, akakielekeza dirishani. Hata kikausha nywele kilizimwa.

"Inatakiwa thelathini na tano," alisema. "Hii arobaini na moja."

"Aa, watie tu! Samaki wa baharini aogope chumvi?" alisema mteja mmoja.

"Labda kipimo kibovu," mwingine akamwonea Fundi huruma.

Mlango wa kutorokea huo, umefunguliwa wazi. Fundi akamtazama Hakimu. Binti hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo alilokwisha kulisikia.

"Kipimo kizima," Fundi akasema. "Kosa langu. Ila sijui nimekosea wapi. Kila siku naongeza maji ya chumvi yaleyale."

Mama Mapacha akajipiga kofi la paja. "Shemeji! Supu ikikaukia jikoni, unaongeza maji, au maji na chumvi tena?"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Maji ndiyo yanayopaa; chumvi haina mabawa. Fundi, anayewaeleza watu habari za mvuke asubuhi hadi jioni, alitamani kujifungia ndani ya friji.

"Sasa?" Hakimu hakucheka.

"Sasa leo hawaingii. Tutachota haya kidogo kidogo, turudishie maji matupu yaliyochujwa, mpaka kipimo kikubali. Samaki watunzwe dukani."

"Kwa hiyo unawarudisha."

"Twende wote. Na kipimo kikae kwako. Siku utakayosema tayari, ndiyo tutawafuata. Mimi sitaji siku."

Kidomo alikuwa ameshaanza kulia kwenye mapaja ya mama yake. Hakimu akafikiri. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Njiani aliukumbatia mfuko kwa mikono miwili, akitembea upande wa kivuli wasipate joto. Mtaa wa tatu akasema, "Ile feni uitoe."

"Inapoza, lakini."

"Basi jagi nitajaza mimi."

Muuza samaki alipouona mfuko alishtuka. "Kulikoni? Wamekufa?"

"Hawajafa." Hakimu aliuweka juu ya kaunta taratibu, kama anatua yai. "Tunaomba utuwekee siku chache. Fundi wetu amezidisha chumvi."

Aliposikia lile neno 'wetu', Fundi akageukia tangi la kando, ambalo halikuwa na kitu ila mawe, akalitazama kwa muda mrefu sana.