Waya Uliochomolewa

"Mama Samia, mwanao anaongea na nani humo ndani?"

Jirani yangu Mbuke aliniuliza hivyo kutoka upande wa pili wa ua, akianika michembe, vipande vya viazi vitamu. Nikamjibu kwamba Samia anafanya kazi.

"Kazi gani ya kujibizana? Mayu, mama wewe, nasikia maswali, kisha kimya, kisha anacheka. Huyo anayemchekesha aje na kwangu, mume wangu amenuna tangu masika."

Nikacheka kwa adabu ya ujirani. Nilipofika kizingitini kicheko kilikuwa kimekwisha, maana hata mimi nilikuwa nasikia.

Binti yangu alikuwa katika eda. Mumewe, Nuruddin, alifia kwenye ajali ya gari akitoka Buseresere. Tukamzika hapa Kahama, na Samia akarudi kwenye chumba alichokulia. Alikuja na kompyuta mbili, yake na ya marehemu. Chumba ni finyu, kwa hiyo ya marehemu ikawekwa mezani sebuleni, na waya wa bluu ukapita chini ya pazia kuziunganisha.

Shule yangu iliishia ya msingi, lakini mwanangu alinieleza mpaka nikaelewa. Ndani ya kompyuta kuna kiini kinachotawala kila kitu, na kila kifaa kina msimbo wake, maandishi ya amri ya kukisemea mbele ya kiini hicho. Msimbo huo huitwa kiendeshi. Nuruddin alikuwa ameandika kiendeshi cha kadi ya mtandao, kadi ngumu isiyojali vumbi wala joto la shimoni mgodini. Samia ndiye mkaguzi. Watu wa nchi nyingi wanaokitunza kiini hicho wamempa dhamana: asipotoa neno lake, kazi haiingii. Yeye na Nuruddin walifahamiana hivyo hivyo, mmoja akiandika, mwingine akikosoa, wakabishana mpaka ubishi ukawafikisha kwenye ndoa.

Sasa alikuwa anakagua kazi ya mwisho ya mumewe, mstari kwa mstari, kwa sauti. "Kwa nini umeliweka hili hapa?" Kisha ananyamaza kadiri mtu anavyohitaji ili ajibu. "Haya, nimekubali."

Mimi nilikaa na tasbihi nje ya pazia nikimwomba Mola amtulize, huku sikio langu, Mungu anisamehe, likiungoja ule ukimya ujibiwe. Nilikwisha kuazimia kumkataza. Maneno nilikuwa nayo tayari: wafu tunawaombea dua, hatupigi nao soga.

Alasiri moja akaja Doto, pacha wa Nuruddin. Kwao marehemu waliendelea kumwita Kulwa, pacha aliyetangulia kuzaliwa. Alipopiga hodi nikasahau kuitikia. Sauti ilikuwa ile ile, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa neno. Chumbani, Samia alikata maneno katikati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaketi mbele ya kompyuta ya kaka yake. Mimi nikakaa kati yake na pazia, kama eda inavyotaka.

"Shemeji," akasema, "kule mgodini Masumbwe mashine zote za shimoni nimezifunga hizo kadi mwenyewe. Kinachosubiriwa ni neno lako tu."

"Bado nakagua."

"Unakagua au umeikalia? Kaka aliniambia amemaliza. Hakuacha mtoto, hakuacha nyumba. Ameacha hii. Ipitishe, jina lake liingie."

Pazia likatikisika kidogo. "Mama, kwenye hiyo skrini kuna duara dogo. Lina rangi gani?"

"Kijani."

"Nimeuchomoa waya huku kwangu. Na sasa?"

Nikatazama, nikamtazama Doto, nikatazama tena. "Kijani."

"Inasema mwenzake yupo," Samia akasema. "Upande huu hakuna kitu, na bado inasema yupo. Shimo likititia, Doto, waya ukakatika, walio juu wataona kijani waendelee kunywa chai."

Doto akaipiga kompyuta kwa kidole, kama anayemwamsha mtu. "Hili ni jambo dogo. Lirekebishe basi."

"Mkaguzi hagusi kazi ya mtu. Anaonyesha kosa, mwenyewe anarekebisha."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Doto akaona alichokisema, sauti ikamshuka. "Ipitishe tu, shemeji. Masumbwe nitawaambia wasiitegemee sana. Ukiikataa, utakuwa umemzika mara ya pili."

"Fungua msimbo wake. Tafuta panapoulizwa kama waya ni mzima. Pembeni ameandika kitu. Nisomee kwa sauti."

Doto alihangaika kidogo kabla ya kupapata. Akainama. "Jibu hili la 'ndiyo' ni la muda tu," akasoma. Akasoma mstari uliofuata. "Samia, hapa nitarudi."

Ilikuwa sauti ya Nuruddin, ikisema maneno ya Nuruddin, ndani ya nyumba yangu, jua likiwa bado linawaka. Tasbihi ikaniponyoka. Nyuma ya pazia mwanangu alivuta pumzi kama mtu aliyefukuliwa kifusini akiwa hai.

"Kwa hiyo hukumaliza," akasema.

Doto akafumbua kinywa. Nilijua atakalosema, kwamba yeye siye. Nilijua pia kuwa huo ndio wakati wa yale maneno yangu. Nikamtazama yule kijana, nikatikisa kichwa polepole, naye akafumba kinywa. Ule ukimya niliozoea kuusikiliza peke yangu safari hii ulikuwa na mtu ndani yake.

"Hukumaliza, na uliniambia mwenyewe," Samia akaendelea. Haikuwa sauti ya kilio. Ilikuwa sauti yake ya kazi. "Siwezi kuwaambia watu umemaliza."

Tukasikia vidole vyake vikiandika, vikasita, vikaandika tena. Kisha pigo moja la kidole.

"Haijapita. Nimewaandikia kosa liko wapi, na jina lako nimeliacha pale pale juu." Akaongeza, "Ukirudi, anzia hapo."

Doto alikaa, mikono juu ya meza, machozi yakimdondokea bila kuyafuta. Halafu akaifunga kompyuta ya kaka yake, akaichomoa kwenye waya, akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kama anayemrudisha kaka yake kwao. Akanipita, akatoka, hata kuaga hakuaga.