Joto la Ukutani Gesima

Esnah, mhadhiri wa fizikia mjini Kisii, alikodi chumba cha mbao kwa mjane aitwaye Nyakerario huko Gesima, katikati ya mashamba ya chai. Alileta leza ndogo ya kuchunguza majani yenye ugonjwa. Mwanga wake mwekundu ulitoka kwenye fuwele, na rangi yake iliweza kurekebishwa kidogo kidogo. Shida yake ilikuwa joto. Fuwele ikipata moto, rangi huhama na mwanga hufifia. Ndiyo maana alipapenda Gesima, kwa ukungu na baridi yake.

Asubuhi mashine ilitulia. Ikifika alasiri, rangi ilianza kuhama. Esnah alipima hewa ya chumba, akakuta ni baridi. Alibadilisha nyaya, akasafisha vioo, akazima hata taa. Mwanga ulizidi kufifia polepole, kama vile mtu amesimama karibu na meza akiipumulia ile fuwele.

Siku moja aliketi mbali, akatulia tuli. Kipimajoto cha fuwele kikapanda. Alikwenda kupapasa ukuta nyuma ya meza. Ubao mmoja ulikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Alipotega sikio alisikia mvumo mzito.

Alimwita mwenye nyumba. "Mama, kuna nyuki ukutani."

Nyakerario alisimama mlangoni akifuta mikono kwa leso. Hakuingia.

"Ni wa Ochoki," alisema. "Mume wangu aliwafuga humo. Lakini mwalimu, nyuki hao walihama wiki tuliyomzika."

"Nimewasikia sasa hivi."

"Hata mimi huwasikia."

Esnah alichukua nyundo, akaanza kuubandua ubao. Mvumo ulikatika kabla msumari wa mwisho haujatoka. Ndani mlikuwa na masega meusi, makavu, yaliyofunikwa na utando wa buibui. Hapakuwa na nyuki hata mmoja. Alitia mkono, akagusa baridi tupu. Alipogeuka, leza ilikuwa imerudi kwenye rangi yake ya asubuhi.

Akaketi sakafuni.

"Tuyatoe?" aliuliza baadaye.

"Yaache," Nyakerario alijibu. "Rudisha tu ubao."

Esnah alipigilia misumari. Jioni hiyo alihamisha mashine hadi nyumbani kwake Kiogoro. Huko bati liliunguza mchana kutwa, ikambidi anunue feni na kuipoza fuwele kwa maji. Lakini hilo lilikuwa joto la jua, na alijua la kulifanya.

Mwezi uliofuata alipeleka sukari na mkate kumjulia hali mama yule. Alikuta kitanda kimehamishiwa kwenye kile chumba, kimesogezwa hadi ukutani, mahali palipokuwa na meza.

"Siku hizi nalala vizuri," Nyakerario alisema akimmiminia chai.

 Esnah alikunywa chai, akaaga kabla ya alasiri.