Imekomaa

Tangu mlango wa benki ufunguliwe, muuza ndizi alikuwa ameshika namba yake ya foleni mpaka ikalowa jasho. Nyumbani mumewe, fundi saa, alikuwa akipapasa meza kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele ya pua yake. Jicho moja lilikwishakufa. La pili, daktari alisema, lipasuliwe kabla ya Ijumaa, na malipo yatangulie.

"Mama, mbona umechelewa?" aliuliza afisa wa amana, macho kwenye kompyuta. "Ujumbe tulikutumia wiki tatu zilizopita. Amana yako imekomaa."

"Niliuona, mwanangu. Ndiyo nikaiacha kidogo iive."

Afisa akainua uso.

"Jamani, ndizi ikikomaa si bado mbichi? Unaikata, unaifunika, unangoja."

Afisa alicheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka. Muuza ndizi naye akacheka, maana mwenye shida hachagui cha kuchekea.

"Hapa kukomaa ndiyo kuiva, mama. Ulikuwa na siku kumi. Hukuja, basi imejifunga tena. Miaka miwili."

Kicheko kikamkauka mdomoni. "Aliyeniandikisha alisema muda ukiisha nije siku yoyote nitakayo. Karatasi yake hii hapa."

"Masharti yalibadilika."

"Yalibadilika yenyewe? Mbona mimi sikuambiwa?"

"Kifungu cha tisa kinaturuhusu. Na tangazo lilibandikwa." Afisa akaelekeza kalamu mlangoni.

Mlinzi akauvuta mlango. Nyuma yake, pale unapoegemea ukuta mchana kutwa, palikuwa na karatasi. Akaurudisha, wateja wakapita.

"Basi ivunjeni. Kateni mtakacho, mniachie cha hospitali."

"Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi haivunjwi."

"Na mimi je, naweza kubadilisha sharti moja tu?"

"Saini hapa, mama, kwamba umeelezwa."

Akageuka. Mlinzi alikuwa amesogea hatua mbili. Haya, mwenye nguvu mpishe. Akasaini, wakampa hati mpya.

Nyumbani, fundi saa alimjua kwa mlio wa kandambili. "Wamesemaje, mke wangu?"

Njia nzima alikuwa ametafuta pa kuanzia. "Wamesema imekomaa," akajibu.

"Ashukuriwe Mungu!" Mzee akanyoosha mkono, akapokea hati, akaisogeza dirishani, kisha karibu na pua. Aliishika juu chini.

"Basi usinisomee," akasema, akiikunja taratibu na kuitia mfukoni. "Wiki ijayo nitaisoma mwenyewe."