Tangazo la Stoimen

Siku Stoimen alipofariki, simu yake ya kazi haikujua. Alianguka asubuhi kwenye ngazi za nyumba ya mteja, begi la vifaa mkononi, na hadi jua linazama mjini Ruse watu walikuwa bado wanampigia: mashine ya kufulia inavuja, mashine imekwama na mapazia ndani, fundi atakuja lini? Mkewe Nedyalka, hajavua hata koti aliloendea hospitali, aliwajibu wote, "Fundi hayupo."

Watu hao waliletwa na tangazo. Stoimen alilitunga mwenyewe, na kila aliyetafuta fundi mtandaoni alilikuta juu kabisa ya majibu: *Mashine inalia? Usiipige teke. Nipigie mimi.* Aliwahi kumweleza mkewe jinsi nafasi ile ya juu inavyopatikana. Ni mnada, alisema, mtandao huuza nafasi upya kila mtu anapotafuta. Lakini fedha peke yake hazitoshi, na maneno nayo lazima yavute, maana tangazo lisilobonyezwa husukumwa chini.

"Ila wewe usije ukabonyeza," alimwonya akicheka. "Kila kidole kikigusa natozwa mimi. Utakuwa unakula mkate wetu wenyewe."

Baada ya mazishi kazi ilishikwa na Genko, mdogo wa marehemu. Nedyalka alibaki kupokea simu. Kila asubuhi, kahawa ikiwa bado jikoni, alitafuta fundi wa mashine kwenye simu yake mwenyewe. Aliyasoma yale maneno, akaisikia sauti iliyoyasema, akafunga bila kugusa. Mchana vivyo hivyo, na kabla ya kulala.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, tangazo lilishuka likawa la pili. Baadaye likawa la mwisho. Kisha asubuhi moja halikuwepo. Pale juu palikaa kampuni ya watu asiowajua: *Huduma bora, bei nafuu.*

Shaka yake ilikwenda moja kwa moja kwa Genko. Si ndiye aliyesema, siku ya arobaini, bakuli la ngano ya kuchemsha ya kumwombea kaka yake mkononi, kwamba maneno yale yabadilishwe? "Shemeji, 'nipigie mimi' ni mimi nani? Mtu anampigia marehemu?"

Tangu hapo alianza kumpima. Aliona anavyotoka roshani kuzungumza na simu na kuufunga mlango wa kioo nyuma yake. Siku moja alimsikia akisema "hilo tangazo", kisha akanyamaza ghafla alipomwona anaingia na sahani. Kikulacho ki nguoni mwako, Nedyalka alijisemea, na supu aliyompakulia jioni ile haikuwa na nyama.

Hakumwuliza. Alilibeba neno hilo kifuani mpaka miti ya barabarani ikachanua. Ndipo Genko akaja na bunda la karatasi na kopo la gundi. Juu ya kila karatasi kulikuwa na sura ya Stoimen, na chini yake maandishi ya miezi sita bila yeye, kama ilivyo desturi ya huko kubandika kumbukumbu za marehemu milangoni.

"Tangazo la kaka," alisema. "Nimevutana na mpiga chapa tangu Pasaka. Kwanza alimpunguza masharubu, halafu akakosea jina. Sikutaka ulione likiwa hivyo."

Nedyalka aliitazama ile sura, lakini hakulainika. "Na lile jingine umelibandua wewe?"

"Lipi?"

"Usijitie utoto, Genko. La mtandaoni. La usiipige teke."

Genko alitoa simu yake, akatafuta. Lilikuwa juu kabisa. Nedyalka akatafuta kwenye yake. Hakuna.

"Umelificha nisilione mimi."

"Shemeji, ningejua ufundi huo, ningekuwa bado nachomoa soksi za watu kwenye pampu?"

Hakuridhika. Simu ya Genko ni shahidi wa Genko. Waliposhuka kubandika karatasi kwenye mlango wa duka la mikate, alimwita mwenye duka. "Zlatina, toa simu yako unitafutie fundi wa mashine."

"Mke wa fundi anatafuta fundi! Na mimi leo nitanunua mkate kwa nani?" Zlatina alijifuta unga, akabonyezabonyeza, akasoma kwa sauti. "Mashine inalia? Usiipige..." Akasita. Akaangalia karatasi mlangoni, kisha akamrudishia Nedyalka macho. "Ni yeye kabisa."

Genko alikuwa akijikuna kidevu. "Shemeji, wewe huwa unalitafuta?"

"Kila siku."

"Na kulibonyeza?"

"Nina wazimu? Kaka yako alinikataza."

"Basi ndiyo hiyo. Mtandao unakuona unaangalia, unapita. Unaangalia, unapita. Umekuhesabu kuwa huna haja naye, ukamwondoa mbele yako."

"Mimi? Mimi sina haja naye?"

"Nalo, shemeji. Nimesema nalo."

Alikuwa amesema naye, na Zlatina pia alisikia.

Njiani Genko aliongeza kwa sauti ya chini kwamba kweli aliwahi kuandika maneno yake mwenyewe, akayaweka yapokezane na yale ya kaka yake aone yapi yatavuta. Watu walibonyeza ya Stoimen. Basi akayafuta yake. Nedyalka alimsikiliza, na usiku ule alimpakulia nyama, ingawa si nyingi.

Karatasi ipo mlangoni, naye huipitia akienda kununua mkate. Siku nyingine, Genko akiwa kazini, humwomba mtu asiyemjua pale kituo cha basi amtafutie fundi wa mashine, kisha huyasoma yale maneno, hushukuru na kuondoka. Tangazo lipo, juu kabisa. Ruse nzima wanaliona. Kwenye simu yake halitokei.